Nyimbo Ambazo Redio Haina

Gereza la Wilaya
9 Mei 2022

Kanchhi,

Barua yako nimeipata, pamoja na orodha ya nyimbo kumi. Asante, lakini usiniletee tena orodha ya namna hiyo. Saba kati ya hizo nilikuwa nazisikiliza kabla sijakamatwa na lile lori la magogo ya wizi, na tatu zilizobaki ni binamu zao. Simu yangu unayo wewe, lakini yenyewe bado inadhani ni mimi ninayesikiliza. Inakuletea nilichokipenda mwaka juzi, wewe unabofya, halafu unanirudishia mimi huku. Yaani nimefungwa mara mbili.

Bweni letu lina redio moja na inapiga nyimbo zilezile asubuhi hadi jioni. Tuna ngoma moja, madal, ngozi ya upande mmoja imelegea. Jumamosi tunaruhusiwa kupiga uwanjani. Wenzangu wananisumbua: wewe si ulikuwa mpigaji wa harusini, tupe kitu kipya. Sina. Nikipiga ninachokijua, wao wanaendelea kusuka viti vyao vya mianzi bila hata kuinua macho. Inaniuma kuliko unavyofikiri. Toka nje ya hiyo simu, mdogo wangu. Nitafutie wimbo ambao mashine haijawahi kuusikia. Maneno niandikie, na sauti uiandike kwa noti za sa-re-ga kama tulivyofundishwa shuleni. Nitaupata mwenyewe.

Imebaki miezi kumi na minne. Ingekuwa sita kama nisingepanda ukuta. Usianze. Nilisikia Baba kaanguka shambani, akili ikaruka, nikashtukia niko juu ya ukuta na suruali imenasa. Miezi minane kwa suruali moja. Simu ya gereza nimenyimwa moja kwa moja, wageni nimenyimwa mpaka Septemba. Mwambie Baba mgongo wake umeniponza, nikitoka anichinjie mbuzi.

Kaka yako,
Tekendra


Kusma, Parbat
3 Julai 2022

Kaka Teke,

Umenitia kwenye matope, na simaanishi vingine. Nimekwenda kupanda mpunga kwenye shamba la watu kwa siku tatu, na si kwa shida ya ujira. Nilitaka kusikia wanaimba nini. Majirani wamecheka hadi basi. Mimi, binti wa mzee Bohara, mwenye cheti cha darasa la kumi na mbili, matope hadi mapajani, daftari limefungwa kwenye nailoni kifuani. Nilipanda miche ikaelea, mwenye shamba akaniambia afadhali niimbe tu.

Wanawake walikuwa kwenye mstari, wanaume juu ya tuta. Mwanamke mmoja mwenye meno mawili alianzisha:

Umepita juu ya tuta, viatu vyako begani,
hata salamu hukutoa, ukaniacha topeni.

Mzee mmoja akajibu bila hata kuwaza:

Salamu nilikuwa nayo, ikanikwama kooni,
mama yako alisimama, na mundu wake mkononi.

Waliendelea hivyo mpaka chai. Niliwauliza huo wimbo ni wa nani, wakaniangalia kama niliyeuliza mvua ni ya nani. Sauti nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Pale penye mstari chini, wanavuta pumzi katikati ya neno. Nimejaribu kuutafuta kwenye simu, ikaniletea mapishi ya wali.

Mama anakuuliza unakula. Baba nilimwambia habari ya mbuzi. Amesema hivi, nanukuu: "Mwambie huyo punda, mtu anayenaswa na suruali ukutani hastahili hata kuku." Halafu akaenda kumkagua mbuzi mwenyewe, nilimwona.

Kanchhi wako,
Nirupa


Gereza la Wilaya
28 Julai 2022

Kanchhi,

Wewe ni kiboko. Jumamosi ile niliupiga wimbo wa matope, na kwa mara ya kwanza mikono ikasimama kwenye mianzi. Tumegawana, mabweni mawili yanajibizana. Bweni la pili limeongeza mistari kuhusu mpishi wetu ambayo siwezi kukuandikia. Hata askari anayesoma barua zetu ameniuliza, dada yako ataandika lini tena.

Endelea hivyohivyo. Nimekaa humu miezi ishirini nikijiona nimeisha, kumbe nilikuwa na njaa ya kitu cha kukifikiria tu. Sasa nikiamka nina kazi.

Mwambie Baba nimelisikia tusi lake na nimefurahi, maana yake mgongo umepona. Na usisahau siku ya tika mwezi wa kumi, dada anapompaka kaka rangi kwenye paji la uso. Mwaka jana hukuruhusiwa kuja kwa sababu yangu. Mwaka huu nataka taji la maua kama mwanamume mwenye dada.

Tekendra


(Haikupelekwa)
Kusma, 8 Septemba 2022

Kaka,

Baba amefariki. Ilikuwa tarehe ishirini na mbili Agosti, asubuhi, alikuwa anamkamua nyati wetu wa maziwa. Alisema kifua kinambana, akageuza ndoo akaikalia. Maziwa yote yakamwagika, na mimi, Mungu anisamehe, nilimgombeza kwa maziwa. Tulipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Wa kumfanyia ibada za msiba ulitakiwa uwe wewe. Watoto wa Ba Mdogo wote wako Qatar. Ba Mdogo mwenyewe miguu imevimba kwa kisukari. Pandit mwenye kuongoza ibada aliuliza mwana wa kiume yuko wapi na watu wote wakatazama chini. Nikasema mimi nitafanya. Akakunja uso, binti hakai kwenye kona ya msiba. Mama akamwambia, basi kaa wewe. Nimenyoa nywele zote, Kaka. Nimekaa kwenye kona siku kumi na tatu kwa nguo nyeupe, mlo mmoja kwa siku niliojipikia, bila chumvi, hakuna ruhusa ya mtu kunigusa. Mama alilia upande wake na mimi upande wangu, chumba kimoja.

Sasa ni mwaka mzima wa nguo nyeupe. Hakuna sikukuu, hakuna muziki. Simu yako nimeizima nikaifunga kitambaani nikaiweka kwenye debe la mahindi. Mama mwenyewe hana bangili wala rangi nyekundu kwenye utosi. Ukituona mmoja wetu, hatuna haja ya kufungua kinywa, utajua. Ndiyo maana hatutakuja.

Mama ameniapisha nisikuambie, mkono juu ya kichwa changu kilichonyolewa. Alisema, "Alisikia baba yake ameanguka, akapanda ukuta. Akisikia amekufa atapanda nini?" Wakikuongezea mwaka mwingine, au wakikupiga risasi, nitakuwa nimekuua kwa kalamu.

Na wewe unasubiri wimbo. Barua yako ya Julai iko hapa magotini. Siwezi kwenda kusikiliza popote, siwezi hata kugonga vidole mezani. Sijui nifanye nini.

Nirupa


Kusma
10 Septemba 2022

Kaka Teke,

Samahani kwa kuchelewa, mvua ilikata barabara.

Nimekupatia mwingine, na huu sidhani kama hata redio inao. Kuna bibi mmoja anasaga mahindi kwenye kinu cha maji huko chini mtoni, ni kiziwi. Anaimba peke yake akidhani hakuna anayesikia. Nilikaa nje ya kinu:

Daraja halina mlango, wala kufuli halina,
nafika katikati yake, miguu yasema hapana.

Ana beti tano, zote nimeziandika. Sauti yake iko chini, haipandi kabisa, usije ukaipandisha kwa madaha yako ya harusini.

Mama anasema kula vizuri na acha kubishana na wapishi. Baba anakusalimu sana.

Nirupa


Gereza la Wilaya
1 Oktoba 2022

Kanchhi,

Umeutoa wapi wewe. Humu tuna watu wa wilaya kumi na moja, yuko mzee wa Baglung ambaye anajua kila kilichowahi kuimbwa upande huu wa milima, hakuna aliyewahi kuusikia. Nilipofika kwenye miguu yasema hapana, mtu wa kifungo cha miaka ishirini alinyanyuka akaenda kusimama peke yake.

Mbusu huyo bibi mkono. Muulize kama anao mwingine. Na wiki nne zimebaki hadi tika, nimeshamwambia kila mtu kwamba dada yangu ndiye anayeleta nyimbo, wanataka kukuona sura. Askari wa barua ananyoa ndevu siku hiyo.

Msalimie Baba. Tangu lini amekuwa mtu wa salamu?

Tekendra


Kusma
20 Oktoba 2022

Kaka Teke,

Usinikasirikie. Nimeteguka kifundo cha mguu kwenye ngazi za mtoni, siwezi kupanda basi. Mama naye hawezi kuniacha. Tika nitakupaka mwakani, mara mbili.

Bibi wa kinu amenipa huu:

Nyati karudi jioni, kasimama mlangoni,
anamtafuta wa kumfunga, kamba ipo msumarini.

Una beti mbili tu. Anasema zilizobaki amezisahau.

Baba anakusalimu.

Nirupa


Gereza la Wilaya
2 Novemba 2022

Kanchhi,

Siku ya tika nilisimama langoni toka asubuhi. Dada za watu walikuja na sinia, mafuta, kokwa za jozi, mataji. Walipoitwa majina nilikuwa naitika moyoni kila jina lililoanza na N. Mwishowe dada wa jamaa mmoja tunayelala jirani alinihurumia akanipaka na mimi kwa rangi zilizobaki. Nilimshukuru. Nilitamani ardhi inimeze.

Mguu huo wa kuteguka ulikuwa na siku tisa nzima za kupona, ukitaka kujua hasira yangu ina ukubwa gani.

Basi. Nimetuma barua kwenye kipindi cha nyimbo za maombi, redioni. Nimewaandikia maneno ya ule wa daraja na ule wa nyati, nimeomba wapige hata mmoja ili nisikie unavyoimbwa na wenyewe. Wewe pumzisha mguu.

Tekendra


Gereza la Wilaya
11 Desemba 2022

Kanchhi,

Redio wamenijibu hewani. Mtangazaji alisoma maneno yote, akaomba wasikilizaji wa wilaya tatu wapige simu. Walipiga. Hakuna anayeujua huu wala ule. Mwanamke mmoja alilia kwa ule wa nyati.

Hasira yangu imekwisha, usiibebe tena. Huyo bibi wa kinu, usimwache. Mwambie hata akikumbuka ubeti mmoja tu kwa mwezi, uniandikie. Sisi huku tunautegemea.

Mkumbatie Mama. Wewe pia kula vizuri.

Tekendra


(Haikupelekwa)
Kusma, 19 Februari 2023

Kaka,

Huu ni wimbo wa nne nimekutungia, na leo nimeogopa, kwa sababu ulinitoka wenyewe. Nilikuwa napepeta dengu. Maneno yalikuja na sauti yake, nikauma ulimi mpaka damu ili nisiimbe. Mama alikuwa mita mbili kutoka kwangu. Mwaka wa Baba haujaisha na mtoto wake ana wimbo mdomoni.

Najiuliza kama ni dhambi. Sijafungua kinywa hata mara moja. Naziandika tu, sa, re, ga, kwenye karatasi, sijui hata zinasikikaje. Wafungwa mia mbili wanajua sauti ya nyimbo zangu, mimi mwenyewe siijui. Natamani niwe huko ndani Jumamosi moja tu. Unaona nilipofikia, natamani jela.

Mama anauliza kila barua ikija, "Hajashuku?" Namwambia hapana. Umeacha hata kuuliza habari za Baba, unaniokoa na uongo mmoja kila mwezi, na mimi nafurahi, halafu najichukia kwa kufurahi. Jana nimeandika "Baba anakusalimu" na mkono haukutetemeka. Hicho ndicho kilichoniliza.

Bado miezi mitano. Sipumui vizuri humu ndani.

Nirupa


Gereza la Wilaya
14 Juni 2023

Kanchhi,

Barua hii usiisome kwa sauti. Mama akikuuliza, tunga nyingine. Najua unaweza.

Natoka tarehe tisa Julai, hati imesainiwa. Kabla sijatoka nataka tuongee wazi mimi na wewe, maana pale nyumbani hatutaweza.

Najua kuhusu Baba. Nimejua tangu Desemba.

Redio waliposema hakuna anayezijua nyimbo zile, nililala nikiwaza. Hakuna bibi kiziwi, ni wewe. Nilijivuna kwanza, nikasema kumbe mdogo wangu mtunzi. Halafu nikajiuliza, mtu mwenye simu mkononi, mwenye redio, mwenye majirani wanaoimba toka alfajiri, kwa nini ajitungie kwa siri. Nyumba yetu haijawahi kukosa kelele. Ni lini nyumba yetu huwa kimya? Bibi yetu alipofariki tulikaa hivyo mwaka mzima, ulikuwa mdogo, ulipigwa kofi kwa kuimba kisimani. Na hukuja kwenye tika. Dada haji kwenye tika nyumba ikiwa na msiba.

Nilijua amekufa mmoja kati ya wawili. Nikazitandika barua zako kitandani. Mama aliendelea kunigombeza vizuri kila mwezi. Baba alikuwa "anakusalimu." Baba hajanisalimu tangu nizaliwe, Kanchhi, huwa ananitukana. Halafu nikausoma tena ule wa nyati.

Niliutazama ukuta. Sitakuficha. Nilisimama pale mpaka filimbi ya kuhesabiwa, na nilijua jiwe lipi la kukanyaga. Kilichonizuia si busara. Niliwaza kwamba kama mmeweza kubeba hili miezi yote ile ili mimi nisipande, nikipanda nitakuwa nimewatukana nyote wawili. Nikarudi ndani nikamwomba kinyozi aninyoe. Niliwaambia ni chawa. Siku kumi na tatu nilikula mlo mmoja, nikamwachia mwenzangu chumvi yangu. Yule askari wa barua alielewa, yeye ni wa kabila letu. Aliniletea shuka jeupe.

Tangu siku ile sijapiga ngoma. Nyimbo zako wanapiga wenzangu, mimi nasikiliza kwa mbali kama mtu wa msibani anayepita njia.

Utauliza kwa nini sikukuambia. Nilikuwa nasubiri barua zako, ndiyo sababu, haina uzuri wowote. Niliogopa nikisema najua, utaacha kuandika nyimbo, na nitabaki na redio. Na wewe niliona unahitaji mahali pa kuziweka. Kama nimekosea niseme huko nyumbani, nitainamisha kichwa.

Sasa ombi. Mama asijue kwamba najua. Amekaa na jambo hili mwaka mzima ili aje anieleze mwenyewe, mlangoni kwake, akinishika. Tusimnyang'anye. Mimi nitaingia nikiuliza Baba yuko wapi, yeye aniambie, na nitalia kama ninayesikia kwa mara ya kwanza. Nimekuwa najizoeza.

Kaka yako,
Tekendra


Kusma
27 Juni 2023

Kaka Teke,

Nimeisomea barua yako chooni, na Mama alinisubiri nje nimsomee. Nikamtungia nyingine palepale, na karatasi ikiwa mkononi. Umepata mafua, umepona, viti vyako vimenunuliwa na mwalimu mkuu. Alifurahi sana kwa mwalimu mkuu.

Nimekasirika. Miezi sita ulijua, ukaniacha nimbebe Baba peke yangu, nikikuandikia salamu za mtu aliyekwisha kuchomwa moto. Nimelia kwa hasira, halafu nikalia kwa kufarijika, sasa sijui hata nalia kwa lipi. Ukija nitakupiga kwanza ndipo nikuinamie miguuni. Kwa nywele zangu usicheke, zimefika masikioni tu.

Nyimbo zipo saba. Mbili sijakutumia. Mwaka wa Baba unaisha Agosti, utanifundisha zinavyosikika, kwa sababu wewe umezisikia na mimi sijazisikia.

Kuhusu Mama nitafanya ulivyosema. Lakini nikuambie kitu. Kila asubuhi akienda kumkamua nyati, namsikia kupitia ukuta akijaribu maneno atakayokuambia. Anaanza, "Mwanangu, baba yako." Anakamua kidogo, anaanza tena, "Mwanangu, baba yako." Miezi kumi sasa, na sijawahi kumsikia akiimaliza ile sentensi.

Kwa hiyo usijisumbue kujizoeza kulia. Njoo usimame mbele yake, umwache aseme. Hutahitaji kuigiza.

Kanchhi wako,
Nirupa